Udi Chini ya Meza

Soketi ilikuwa na umeme na waya ulikuwa mzima, lakini kompyuta ya shangazi iligoma kuwaka. Nilipoifungua ikanuka udi, nami nikawa mtoto tena, katika chumba hikihiki cha mtaa wa Al Warqa, mbele ya kompyuta ya kwanza kuingia nyumba hii. Nilikuwa nimebonyeza kitufe cha kuwashia mara moja tu. Kikazama, hakikurudi, na kompyuta ikafa.

"Una mkono wa nuksi wewe!" shangazi alinifokea. "Khalas, usiguse tena kitu changu!"

Binamu zangu walilidaka neno. Nikawa Nuksi mezani, Nuksi garini, Nuksi hata siku ya Idi nikiwa na kanzu mpya. Hakuna aliyekitaja chetezo, ambacho shangazi alikiweka chini ya meza kila jioni ili moshi wa udi uikinge kompyuta na husuda.

Baadaye nilisoma chuo kikuu, nikaandika insha ndefu juu ya kusamehe. Watu waliisifu sana.

Sasa nilikigeuza kitufe kwenye mwanga. Kilikuwa kimenata kwa masizi ya udi, na kile cha zamani bila shaka kilinata vivyo hivyo.

"Itapona, mwanangu?" shangazi aliuliza.

"Inshallah, shangazi. Ila inataka kusafishwa na mkono usio na nuksi."

Akakitazama kitufe cheusi, akakitazama chetezo kikifuka miguuni pake. Nikampa brashi, nikavuta kiti karibu, nipate kuona vizuri.