Mgeni Aliyekuja na Mzigo wa Nyasi

Siku niliyokwenda Kagoma kujitambulisha ukweni nilivaa viatu vya kuazima, vikanibana mpaka nikawa natembea kama bata. Ni zamani sana, sijui hata kwa nini imenijia, maana nilitaka kueleza habari za panya. Basi nilipofika mlangoni nikaambiwa vua viatu. Nilimshukuru Mungu! Ndani walikuwa wametandika nyasi mbichi sakafuni, nene, zinanukia, na miguu ilipozikanyaga nikasahau maneno yote niliyofundishwa na baba mdogo. Kwetu Wahaya nyumba ilipambwa hivyo, kabla ya haya mambo ya vigae.

Mke wangu vigae hajavikubali mpaka leo. Watoto walitumwagia saruji, wakaleta na zulia la plastiki. Zulia akalitoa nje, akaanikia kahawa. Kwa hiyo mimi, na uzee huu, nyasi zikichakaa nakwenda rweya, ile mbuga isiyolimwa nyuma ya migomba yetu, nakata nyingine, narudi na mzigo kichwani.

Mwaka jana aliteleza njia ya kisimani, nyonga ikaumia. Daktari alisema mfupa mzima, asimame, ajaribu kutembea. Hakutaka. Nilimhamishia kitanda sebuleni aone watu, akageukia ukuta. Uji unapoa. Mimi naongea sana, nakubali, lakini kumwongelesha mtu aliyegeukia ukuta ni kazi.

Siku moja nafungua mzigo wa nyasi, akatoka panya. Si hawa wa nyumbani wenye mkia mrefu na tabia mbaya. Wa rweya: mnene, pua butu, mkia mfupi, masikio yamezama kwenye manyoya. Akaingia uvunguni. Nikashika fimbo.

"Weka chini," mke wangu akasema, na tangu jana alikuwa hajasema neno. "Umemleta mwenyewe, sasa unampiga?"

Nikaweka.

Mnyama yule anakula nyasi kama ng'ombe. Huko rweya anajikatia njia zake chini ya nyasi, ukiinama unaziona, safi kama zimefagiwa, na kandokando ameacha vipande vya majani kama kuni zilizopangwa. Mwewe anamtaka, nyoka anamtaka, kila mwenye njaa huko anaanza na yeye. Na kwetu akafanya vilevile: njia kutoka uvunguni hadi chini ya dirisha. Mchana kweupe anakaa kitako, jani mikononi, anatafuna. Mke wangu akawa anajikokota hadi ukingo wa kitanda kumtazama.

"Mzee, nyasi zimekauka. Mgeni atakula nini?"

"Mbona mimi hunihangaikii hivyo?"

"Wewe una meno ya nyasi?"

Akacheka mwenyewe. Uji akaumaliza.

Ndipo akaja mdogo wake kutoka Ngenge, kumuuguza. Alipomwona mgeni alipanda juu ya kiti.

"Yesu wangu! Dada, umeumia nyonga au kichwa? Na wewe shemeji, unatazama tu?"

"Mimi ndiye mkata nyasi wake."

"Basi kesho naazima paka, tuone atakata nini!"

Lakini panya mwenyewe alikuwa ameanza kubadilika. Nyasi nilizomletea aliziacha. Alishinda mlangoni, anaguguna ubao wa chini, amekonda. Mke wangu aliona kabla yetu.

"Anataka kwao," akasema. "Akibaki hapa atakufa, paka aje asije." Akaninyooshea mkono. "Nipe bega."

Sikuelewa mpaka alipoteremsha miguu. Alishika bega langu na la mdogo wake, akaguna kwa maumivu, akatutukana wote wawili, akasimama. Tukasogea polepole mpaka mlangoni. Hapo akaniamuru nimwachie ukuta aushike, nikatandike nyasi nje hadi kwenye migomba, mwewe asimwone. Nikatandika. Shemeji akawa ananicheka, lakini paka hakumtaja tena.

Nikafungua mlango wote. Panya akanusa kizingiti, akapita karibu na vidole vya mke wangu, akaingia chini ya nyasi.

"Nenda salama, waitu," akamwambia kwa heshima, kama anavyoagwa mtu mzima.

Hakugeuka. Tuliona nyasi zikitikisika, zikitikisika, mpaka kwenye migomba, zikatulia. Hakurudi tena.