Nilimpa Binti Yangu Kilio Changu, Kisha Nikamwita Mwizi

Mwaka wa 2023, mvua ndefu zikielekea ukingoni, nikiwa na umri wa miaka hamsini na saba, nilitia sahihi uongo. Sikulazimishwa na mtu. Kalamu ilikuwa yangu, mwandiko ulikuwa wangu, na tarehe niliyoiandika niliitunga mwenyewe.

Nakuandikia wewe usiyenijua kwa sababu wanaonijua nimeshindwa kuwaambia.

Mimi ni mjane wa Kombewa, nje ya mji wa Kisumu. Mume wangu alifariki Jumapili, tarehe 14 Agosti 2016, tukamzika Jumamosi iliyofuata. Utotoni shule sikuiona. Niliingia ngumbaru, darasa la watu wazima, nikiwa na miaka thelathini na tisa, na nilipojua kushika kalamu, kitu cha kwanza nilichoandika kwa hiari yangu kilikuwa tarehe ya siku hiyo. Tangu hapo sijaacha. Watu wakibishana mtoto fulani alizaliwa lini, huja kwangu, na nikishasema, ubishi umekwisha.

Binti yangu Awino anaishi Kisumu mjini. Hutengeneza muziki kwa kompyuta, huigiza jukwaani, na huandika vitabu. Kwa miaka mingi niliona hizo ni kazi tatu za mtu asiyejua anachotaka. Yeye alinijibu kwamba ni nyumba moja yenye milango mitatu.

Jumamosi, tarehe 4 Februari 2023, alikuja nyumbani na mashine ndogo ya kunasa sauti. Alitaka kile kilio nilichomlilia baba yake, yale maneno ambayo mjane humwitia marehemu kwa majina yake ya sifa. Kilio kingekuwa mwanzo wa wimbo wake, kingesikika katika mchezo aliokuwa akiuandaa, na maneno yake yangefungua kitabu kuhusu nyumba yetu. Aliponiuliza, taa nyekundu ya mashine ilikuwa tayari inawaka.

"Mama, sitaki kukuibia. Ukikataa nazima, tunakunywa chai."

"Usizime," nikamwambia.

Nikalia pale jikoni, nimekaa kwenye kigoda changu, akili zangu timamu. Nilipomaliza nikamwambia, "Anza upya. Pale katikati nimekohoa, na baba yako hakupenda kazi ya nusu."

Tulicheka. Tukarudia mara tatu.

Wimbo ulipendwa kuliko tulivyotarajia, nami nilijivuna kimyakimya. Halafu ikafika Jumapili, tarehe 14 Mei. Baada ya ibada, katika mkutano wa akina mama ambao mimi ndiye mwenyekiti wao, wifi yangu, dada wa marehemu, alisimama. Huniita Nyar Asembo, yaani binti wa Asembo, kwa kuwa huko ndiko nilikozaliwa.

"Nyar Asembo, nimesikia kaka yangu akililiwa tena, kwenye baa ya Kisian. Safari hii waombolezaji walikuwa na chupa mkononi na wanakata kiuno."

Akina mama wakacheka. Wengine walificha midomo kwa leso, wengine hawakujali kuficha.

Ningeweza kusema kwamba nilimpa mwanangu sauti hiyo kwa hiari, jikoni kwangu. Maneno hayo si mengi. Badala yake nikasema, "Aliniibia."

Kicheko kikakoma mara moja. Nilifurahi kilivyokoma. Hilo nalo naliungama.

Shemeji yangu mkubwa alipopata habari alisema kwamba kama ni wizi, basi uandikwe. Alhamisi, tarehe 18 Mei, nikaapa mbele ya wakili. Katika hati ya kiapo niliandika kwamba Awino alininasa kwa siri kando ya kaburi, Jumamosi, tarehe 20 Agosti 2016. Hakuna aliyenishuku. Tarehe ilikuwa imetoka kwangu.

Wimbo ukaondolewa mitandaoni. Mchezo ukafungwa baada ya maonyesho mawili. Mchapishaji akamrudishia Awino muswada wake pamoja na barua fupi. Sasa husoma matangazo ya sabuni redioni. Sauti yake ikija siizimi redio, wala sisikii chochote moyoni. Naendelea kuchambua mboga.

Desemba alifariki jirani yangu, mama tuliyesoma naye ngumbaru dawati moja. Nilifika mlangoni pake, nikafungua kinywa nimlilie. Hakikutoka kitu. Nikakifunga, nikaenda kukaa na wageni.

Jumanne, tarehe 12 Machi 2024, tulikutana mbele ya mpatanishi mjini Kisumu ili shauri limalizwe. Alimuuliza Awino kama alikuwa na ushahidi wowote kwamba mama yake alikubali. Mkoba wa Awino ulikuwa mapajani pake, na mashine ilikuwa imechomoza kwenye mfuko wa pembeni. Nilijua kilichomo. "Usizime" yangu ilikuwemo, na kikohozi changu kilikuwemo.

Alinitazama.

"Sina," akasema.

Mpatanishi akanigeukia, akauliza kama nina la kuongeza. Nami nikasema sina. Ikaandikwa kwamba sauti yangu itolewe katika wimbo, katika mchezo na katika kitabu, na kwamba Awino asiitumie tena maisha yake yote.

Mzazi mwenzangu, ukisema uongo mbele ya watu kwa sababu ya kicheko chao, urudi kwa watu hao hao kabla jua halijatua. Wakucheke. Kicheko huisha watu wakienda kupika. Uongo ukishapigwa muhuri utakaa nao wewe, na atakayekusitiri ni yule yule uliyemuumiza.

Karatasi alipewa Awino kwanza. Alitia sahihi, akafika mahali pa tarehe, kalamu ikasimama. Kalenda kubwa ilikuwa ukutani, nyuma ya kiti cha mpatanishi. Hakuinua macho.

"Mama, leo tarehe ngapi?"

Nikamwambia. Akaandika kama nilivyosema.