Stempu Isiyoloweshwa

Mnunuzi mmoja wa dhahabu pale Runzewe hukusanya stempu, na huzikagua kwa lenzi ileile anayokagulia dhahabu. Nilimpelekea bahasha ya barua ya kwanza aliyoniandikia marehemu mke wangu. Barua haina tarehe na muhuri wa posta umefutika, nami nilitaka kujua mwaka tu.

Alihesabu meno ya pembeni mwa stempu, akalinganisha rangi na daftari lake.

"Stempu hii ilitolewa mara mbili, Mwalimu," akasema. "Tofauti iko mgongoni, kwenye karatasi. Lazima tuibandue." Akavuta bakuli la maji ya vuguvugu.

"Na gundi?"

"Inatoka yote. Ndio usafi wenyewe huo."

Nikaweka kiganja juu ya bahasha. "Gundi hiyo aliilamba marehemu."

Mnunuzi akafunika bakuli kwa sahani. Kisha akaandika daftarini, akitamka neno kwa neno: "Mwaka haujulikani. Mwenyewe amekataa maji."

Niliporudi nyumbani Shinyanga, binti yangu aliniuliza kama safari ilinifaa. Nikamwambia mwaka bado hatuujui, lakini bahasha imerudi kavu.