Mtu Huuliza Asichokijua

Maganda ya kahawa yakianza kuchacha hutoa harufu kama ya pombe iliyosahauliwa mtungini, na kila msimu wa mavuno harufu hiyo iliingia hadi ndani ya darasa letu la vidudu, yaani chekechea, pale Nanyala. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Darasa lenyewe lilikuwa banda la kanisa, tukikalia magogo, na malori ya kwenda Tunduma yalipopita barabarani mabati yote yalitikisika. Nikiisikia harufu ile hata leo huufunika mdomo kwa kiganja, kwa sababu msimu ule ndio baba aliamua nikatwe udata, yaani ile ngozi inayoushika ulimi kwa chini.

Chanzo ni kwamba darasani sikuwa najibu. Nyumbani nilikuwa kasuku. Kwa Kinyiha, lugha yetu ya nyumbani, nilimchosha hata bibi, mama yake baba, aliyekuwa akitulea wakati mama amekwenda kwao kujifungua. Lakini Mwalimu Fausta, binti mgeni kutoka Iringa, alipoinua muhindi na kuuliza, "Hiki ni nini?" mimi nilitazama vidole vya miguu yangu. Jina nililijua. Kilichonishinda ni swali lenyewe. Mtu mzima atoke Iringa, kwenye mahindi yote yale, asijue muhindi? Kwetu, mkubwa aliyeuliza jambo analolijua alikuwa na fimbo mgongoni. Bibi akiuliza nani amefunua chungu, alikuwa ameshamwona aliyefunua, na mtoto aliyejibu harakaharaka ndiye aliyeitwa mjeuri. Mwenye adabu aliinamisha kichwa na kungoja mvua ipite. Wenzangu wengi nao walinyamaza, ila adabu yangu mimi ilizidi kipimo.

Mwalimu akamweleza baba kwamba mtoto haongei. Baba alikuwa utingo wa lori, nyumbani tukimwona kwa nadra, na habari ile ilimshtua. Akamuuliza bibi. Bibi akafikiri, kisha akatoa hukumu: Kinyiha ninatamka vizuri, kwa hiyo ulimi wangu ni mfupi, unatosha Kinyiha lakini haufiki kwenye Kiswahili. Leo nacheka, lakini siku zile hakuna aliyecheka. Palikuwa na mzee wa Galula aliyekata vimeo na udata kwa wembe, na baba akaagiza aje siku ya gulio. "Samaki mkunje angali mbichi," bibi alisema huku akinipangusa uso kwa upole ulionitisha kuliko wembe wenyewe. Mtoto wa jirani alikuwa amekatwa na mzee huyohuyo, na damu ilikataa kusimama hadi jua likazama. Nikajiapia kwamba nitajibu. Kila asubuhi mwalimu aliinua kitu, mdomo ukafunguka, ukafumba, nikakaa chini. Siku ya gulio ikazidi kusogea.

Kilichonisaidia ni kwamba Mwalimu Fausta hakuridhika na maelezo yake mwenyewe. Akaanza kutuchunguza, ingawa hakuna aliyemtuma. Wakati wa mapumziko aliketi ukutani akijifanya anafuma kitambaa, kumbe anasikiliza tunavyobwabwaja michezoni, Kiswahili na Kinyiha vikipikwa chungu kimoja. Alitubadilisha mahali pa kukaa, akabadilisha nyimbo, akatuita mmojammoja. Kimya kilekile. Mwishowe akaanza kutembelea nyumba zetu. Kwetu alimkuta bibi ameshika mwiko, akiuliza nani amelamba asali, nasi watoto tumejikunyata kama kuku walionyeshewa. Mwalimu akamuuliza bibi kwa nini hatujibu.

Bibi alishangaa. "Wajibu nini tena, mwalimu? Mimi nimeshajua. Mtu huuliza asichokijua."

Mwalimu akayarudia maneno hayo polepole, na ugali aliokaribishwa ukapoa mbele yake.

Kesho yake, ambayo ndiyo ilikuwa siku ya gulio, hakuinua kitu chochote. Alisema ametuona jana tukifukia kitu nyuma ya banda, na kwamba jambo hilo linamsumbua maana hajui ni nini. Nikamtazama usoni. Kweli hakujua.

"Kifaranga," nikasema. "Kimekanyagwa. Tumekizika."

Darasa zima likaanza kusema kwa pamoja, kila mmoja akitaka kusimulia mazishi. Mwalimu, aliyekwisha kuambiwa na bibi habari ya wembe, alinishika mkono tukaenda nyumbani nusu tukikimbia. Mzee wa Galula alikuwa ameshaketi uani, wembe wake umelazwa juu ya kitambaa.

"Baba Neema," mwalimu alisema akihema, "ulimi wa Neema hauna kosa. Kosa ni namna ninavyomuuliza."

Sikupata tena kumsikia mwalimu wa zama zile akikiri hivyo mbele ya mzazi. Baba hakuamini. Akanyoosha kidole kwa mbuzi wetu, akaniuliza ni mnyama gani. Nikainamisha kichwa. Yule mzee akauchukua wembe. Mwalimu akamsihi baba aniulize jambo ambalo yeye mwenyewe halijui. Baba hakuwa amezoea kutojua mbele ya mtoto.

"Mimi nikiwa safarini," aliuliza hatimaye, "wewe jioni hufanya nini?"

"Nasikiliza malori," nikajibu kwa Kiswahili. "Lori lako linakohoa likipanda. Likipita halijasimama, nalia."

Baba akatugeuzia mgongo. Kisha akamwambia mzee wa Galula afunge wembe wake, aende.

Siku hizi naishi Tunduma, na chekechea za mjini zina bembea na kuta zilizochorwa wanyama. Watoto hawaogopi swali la mwalimu. Hulijibu kwa pamoja kabla halijaisha, na mimi hufurahi nikikumbuka yale magogo. Juzi, kwenye mahafali, binti yangu alitaja rangi zote kwa Kiingereza bila kukwama, na vigelegele vyangu vilisikika kuliko vya wazazi wote. Tulipokuwa tunarudi nikamuuliza ni kitu gani pale shuleni humtia hofu. Nilikuwa sijui, na nilitaka kujua. Alinitazama usoni akitafutatafuta jibu ninalolitaka.

"Mama," akasema, "jibu lake ni lipi?"