Kushoto Kweupe

Kwa miaka mingi kazi yangu garini ilikuwa kusema maneno mawili. Mume wangu akitaka kuhamia upande wa kushoto, au kuiacha barabara ya Morogoro aingie mtaani kwetu Kibaha, alipunguza mwendo na kunyamaza. Mimi niligeuza shingo, nikaangalia nyuma ya bega langu, nikasema, "Kushoto kweupe." Hapo ndipo alipokunja usukani. Kama kulikuwa na bodaboda anajipenyeza nilisema, "Ngoja," naye alingoja.

Watu walidhani ni mazoea ya mke na mume waliokaa pamoja muda mrefu. Ukweli ni kwamba jicho lake la kushoto lilikuwa limekufa. Presha ya macho ilikwenda nalo polepole, na tulipofika hospitali tulikuta lililobaki la kuokoa ni la kulia tu. Yeye hakuogopa giza. Aliogopa watu wajue. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtoto wa kwanza kwao Maneromango, na ukoo mzima ulijua kwamba mgonjwa akizidiwa anapigiwa simu yeye, aje na gari. Kuambiwa hawezi tena kuendesha aliona ni sawa na kuzikwa nusu. Basi tukaitunza siri ile, sisi wawili.

Aliyeiona joto ya jiwe ni mimi. Kule kwao, mtu mzima akiingia garini, kiti cha mbele ni chake, wala hakuna anayeuliza. Sasa mwone baba yake mkubwa, na kanzu yake na bakora yake, anakaa nyuma na mkungu wa ndizi, huku mimi mke wa kuolewa tu nimekaa mbele nimetulia tuli. Safari ya kwanza mzee alinyamaza. Ya pili akasema, kwa sauti ya kutosha, "Siku hizi wake ndio wazee." Mume wangu aliikodolea macho barabara. Nami nikasema, "Kushoto kweupe." Nililia nilipofika nyumbani, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Kisha tukabadilisha gari. Hili la sasa lilitumika Japani kabla ya kutufikia, na kwenye kila kioo cha pembeni lina taa ndogo ya rangi ya chungwa. Chombo kikiwa ubavuni mwako, pale ambapo kioo hakifiki, taa inawaka. Haina mlio, inawaka tu, na mume wangu akigeuza uso kidogo aliiona kwa jicho la kulia. Siku ya kuijaribu tulipita barabara ya Morogoro, na kila nilipofungua mdomo kusema ngoja, taa ilikuwa imeshanitangulia.

"Nimeshaona, mama," alisema mume wangu, akicheka kama aliyefaulu mtihani. "Mwenye macho haambiwi tazama!"

Nilicheka naye. Lakini moyoni nilijisikia kama mpishi aliyeleta chakula akakuta wageni wameshashiba.

Safari iliyofuata ya Maneromango, baba mkubwa alikaa mbele. Alinyoosha miguu, akashika bakora katikati ya magoti, akaongea njia nzima, mvua iliyochelewa, mikorosho, bei ya hiki na kile. Sikupata kumwona mume wangu mwenye furaha kiasi kile. Mimi nilikuwa nyuma na ndizi. Heshima yangu ilikuwa imerudi kwa wakwe, na bado kila tulipokata kona shingo yangu iligeuka yenyewe.

Wakati huo wezi wa vioo vya magari walikuwa wameushukia mtaa wetu. Kila mwenye gari alikuwa anakwenda kwa mafundi kuchorewa namba ya gari juu ya kila kioo, na vioo vya pembeni kupigwa ribiti visichomoke. Nasi tulikwenda. Fundi alikichomoa kioo cha kushoto, akakichora, akakirudisha na kukipiga ribiti hata mwizi angelazimika kuondoka na mlango. Tulimsifu.

Gari lile ukiliwasha, taa zote mbili huwaka kidogo, kama watu wanaoitika majina darasani. Tangu siku ile, taa ya kulia ilikuwa inaitika peke yake. Ya kushoto ilikuwa upande wa jicho lililokufa, wala hakuigeukia wakati wa kuwasha gari, na mimi sikuwa nakaa tena mbele. Na taa nzima isipokuwa na cha kuonya haiwaki. Kwa hiyo giza lile mume wangu alilisoma kuwa ni kweupe.

Nilikuwa natoka Morogoro msibani, kwa treni mpya, naye alikuja kunipokea stesheni ya Soga. Nilikaa na kikapu changu hadi abiria wenzangu wote wakaisha. Kisha simu ikaita.

"Mama, nimemgonga mtu," alisema. "Taa haikuwaka. Naapa haikuwaka."

Alikuwa amekata kushoto, na bodaboda alikuwa ubavuni, amempakia mama mmoja anayetoka gulioni. Kijana aliyeendesha aliinuka akijipukuta. Yule mama alivunjika mkono. Tulimhudumia, na hadi leo tunakwenda kumjulia hali, lakini mkono haukurudi kunyooka, na kila akitukaribisha uji anamimina kwa mkono wa pili. Wanasema majuto ni mjukuu. Wa kwetu anatupokea mlangoni kila tunapokwenda.

Fundi wa umeme alipokifungua kioo alikuta plagi ya taa inaning'inia. Haikurudishwa siku ya kuchora namba. Mume wangu alimshukuru, akanipa ufunguo wa gari palepale, mimi niliyejua kuendesha siku zote ila fahari yake haikuniruhusu, na tulipofika nyumbani akampigia simu baba yake mkubwa. Alimweleza yote, kuanzia jicho. Aliweka sauti ya nje, nadhani alitaka nami nisikie akikaripiwa.

Mzee alimsikiliza hadi mwisho.

"Ungesema tu, mwanangu," alisema. "Mimi ningekaa hata kwenye buti."

Miaka yote ile, na machozi yangu yote yale. Ningependa kucheka, nashindwa.

Siku hizi naendesha mimi. Mume wangu anakaa kushoto, na baba mkubwa akiwapo hupanda nyuma mwenyewe, bila kuambiwa. Taa ilitengenezwa, inafanya kazi. Lakini tukikaribia kona mume wangu hugeuza kiwiliwili chote, akijitahidi kulifikisha jicho la kulia nyuma ya bega, kisha husema, "Kushoto kweupe." Siwezi kumnyima.

Wiki iliyopita, tukiingia mtaani kwetu, alisema hivyo huku taa inawaka chungwa karibu na sikio lake, naye amegeukia nyuma, haioni. Mguu wangu ulibaki kwenye breki.

"Mbona huendi?" aliuliza.

"Naweka kiti vizuri, Baba."

Bodaboda akapita. Kwenye kioo cha ndani nilimwona baba mkubwa anaitazama ile taa. Ilipozima alikohoa.

"Ni kweupe kama alivyosema," mzee akaniambia. "Twende."

Nikakata kona. Tumerudi kwenye siri ya watu wawili, na safari hii mume wangu hayumo.