Kinyozi Aliyekwenda Kunyolewa

Watu walimwita Taratibu, maana kichwa kimoja kilimchukua muda ambao wenzake hunyoa viwili. Saluni mpya yenye viti vya kuzunguka ilipofunguliwa ng'ambo ya barabara, benchi lake la wateja lilianza kubaki wazi. Alichukia, lakini kilichomnyima raha zaidi ni udadisi. Wanafuata nini kule?

"Kesho naenda kunyolewa," alimwambia mkewe.

"Kwa huyo huyo anayekunyang'anya wateja?"

"Huyo huyo."

"Baba watoto, una mambo wewe." Mkewe alicheka hadi akaweka sahani chini.

Kijana mwenye saluni alimtambua mara tu alipoingia. "Shikamoo, mzee. Umekuja kunipeleleza?"

"Marahaba. Ndiyo, lakini na nywele pia zimekua."

Kijana akacheka, akamketisha. Kwanza akamfunika uso kwa taulo la moto. Taratibu nusura asinzie. Raha ile ilimshuka hadi magotini. Hapo akakiri moyoni kwamba angekuwa mteja, naye angehama.

Kisha mashine ikaanza. Kijana alikuwa amebana simu begani, anaongea, huku mkono mwingine unakigeuza kichwa cha mzee kama anachagua tikiti sokoni. Mara wembe baridi ukagusa nyuma ya sikio bila taarifa. Taratibu akashtuka, akakamata mikono ya kiti. Alikuwa ameshika wembe tangu ujana wake, na hakuwahi kujua kwamba aliyekalia kiti huogopa.

Alilipa, akashukuru, akapitia dukani kununua mataulo.

Jioni alikuja seremala, mteja wake wa miaka mingi. Taratibu akamfunika taulo la moto, akasubiri asifiwe.

"Linaniunguza pua," alisema seremala.

"Samahani. Hebu niambie, kwa nini wewe hujahamia ng'ambo?"

Seremala alifikiri kidogo. "Wewe husema kabla ya kugusa. 'Sasa nakuja sikioni. Sasa shingoni.' Mimi nina kovu huku nyuma, sipendi kushtukizwa."

Taratibu aliliondoa taulo, akachukua kitana. Maneno yale alikuwa akiyasema kwa mazoea tu, kama mtu anayejisemea akifunga kamba za viatu. Kumbe ndiyo yaliyomlisha.

Wiki zilivyopita, baadhi ya wateja walirudi, hasa wenye umri na wale wanaoleta watoto wadogo. Wengine hawakurudi, na aliwaelewa: kile kiti cha kuzunguka ni kitamu kweli. Yule kijana naye, Jumatatu moja asubuhi kabla hajafungua kwake, alivuka barabara akakaa kwenye benchi.

"Mzee, na mimi nimekuja kupeleleza."

"Karibu," alisema Taratibu, akikunjua shuka. "Ila simu iweke mfukoni."