Kadi ya Picha

Seremala mmoja alikuwa mtu wa kushika neno. Ukimwagiza mlango wa futi saba, atakutengenezea wa futi saba hata kama nafasi yako ni ya sita na nusu, maana wewe ndiye uliyesema saba. Mkewe alimtania kwamba ipo siku neno litamponza. Naye alimjibu kwamba kinachoponza ni ulimi, neno halina kosa.

Mkewe alikuwa mpiga picha za harusi. Kila Jumamosi yuko harusini, mpaka mtaa ukambandika jina la Bi Harusi, na watu wa karakana wakawa wanamuuliza seremala mbona anaoa kila wiki na suruali ni ileile. Lakini kinyozi hajinyoi. Picha za sura yake zilikuwa chache, na karibu zote alijipiga mwenyewe akijaribu taa, huku ametoa ulimi au kafumba jicho moja. Zilikaa kwenye kompyuta yake ya kazi, pamoja na nakala ya picha ya ndoa yao, maana picha yenyewe iliozea ukutani paa lilipovuja. Kitambulisho chake nacho kilikuwa kimechakaa kwa jasho la pochi, pale penye uso pakabaki kivuli ambacho kingeweza kuwa cha mtu yeyote.

Alipougua hakuacha kazi. Alifanya akiwa ameegemea mito, na kompyuta nayo ikaanza kuugua kivyake. Ikipata joto, feni inapiga kelele, kisha kompyuta inazima ghafla.

"Ni hii kadi ya picha," alimwambia mumewe. "Dawa yake ya kupoza joto imekauka. Niliipaka mwenyewe zamani. Ikiungua hii, kazi yangu yote imekwenda na maji."

"Tutaiwekea dawa," seremala akasema.

Lakini miezi ile dawa iliyotafutwa ilikuwa nyingine, na hiyo nayo haikufua dafu. Bi Harusi alifariki asubuhi moja, chai yake ikiwa bado moto.

Baada ya msiba, shemeji yake, yaani kaka wa marehemu, aliomba ile kompyuta kwa ajili ya duka lake la kuchapa. Seremala alimpa bila kinyongo. Ila kwanza alishika bisibisi, akafungua boksi, akachomoa kadi ya picha, akaifunga kwa kitambaa cha flana na kuitia kwenye droo aliyoichonga mwenyewe. Kabati la vyombo lina vyombo, kabati la nguo lina nguo. Kadi ya picha ingekuwa na nini kingine?

Hakuigusa tena. Hakuwa na moyo wa kumwona mkewe akicheka. Kilichomfanya aifungue droo hatimaye ni woga, maana sura ya mkewe ilianza kumponyoka. Leo linakuja paji la uso, kesho kidevu, siku nyingine haiji kabisa. Jambo hilo lilimuuma kuliko mazishi. Siku ya mazishi angalau alimwona.

Akaipeleka kadi kwa fundi wa kompyuta aliyekuwa na meza yake chini ya ngazi za jengo moja la maduka, mwanamke waliyemwita Mama Chaji kwa sababu alianzia kwenye kutengeneza chaja.

"Iwekee dawa, dada," akamwambia. "Halafu uniwashie nione."

"Utaona, fundi mwenzangu. Kaa."

Mama Chaji alilegeza skrubu, akakizungusha kipoza joto taratibu mpaka kikaachia. Katikati, juu ya chipu, dawa ya kijivu ilikuwa imekauka na kupasukapasuka. Akacheka kidogo.

"Aliyepaka hii alikuwa na haraka. Kapaka kwa kidole. Ona, gumba lake hili hapa."

Kweli, pembeni mwa bamba la shaba la kile kipoza joto, mahali ambapo chipu haigusi, kulikuwa na alama ya gumba, mistari yake yote imetulia. Seremala naye akacheka, jambo ambalo hakuwa amelifanya siku nyingi.

"Mke wangu huyo. Hata siagi alikuwa anapaka hivyohivyo."

Mama Chaji akachovya karatasi laini kwenye spiriti na kufuta. Akafuta chipu, akafuta bamba mpaka pembeni, shaba ikang'aa. Seremala akaisifu kazi, kwa kuwa alipenda usafi. Akamtazama akidondosha dawa mpya kiasi cha punje ya njegere, kisha akikaza skrubu kidogokidogo kwa kupishana kona, kama yeye anavyokaza miguu ya meza. Moyoni akasema huyu ni fundi kweli.

Kadi ikachomekwa kwenye kompyuta ya mezani, kioo kikawaka. Mama Chaji akaipa kazi nzito kwa muda, akaweka mkono karibu na feni.

"Haichemki tena. Imepona."

"Basi nionyeshe."

"Nikuonyeshe nini?"

"Mke wangu."

Mama Chaji akageuka kumtazama. Alipoelewa, alivuta stuli na kukaa karibu naye.

"Kaka, humu hamna picha. Hii kazi yake ni kuchora tu pale kwenye kioo. Ukizima, haibaki na kitu. Picha zinakaa kwenye diski, kule ndani ya boksi."

"Si inaitwa kadi ya picha?"

"Ndivyo tunavyoiita, kaka."

Seremala alitoa simu yake ya vitufe akampigia shemeji yake. Mama Chaji akamsaidia kuweka spika.

"Shemeji, ile diski ya kwenye boksi ipo?"

"Ipo, inachapa kazi vizuri tu. Niliifuta siku ileile, ilikuwa imejaa harusi za watu."

Mama Chaji akauliza kama imeandikwa vitu vingine juu yake. Shemeji akasema imejaa kazi za dukani, imeshafutwa na kujazwa tena mara nyingi. Mama Chaji akatikisa kichwa, kwamba za zamani hazirudi tena.

"Lakini shemeji, si nilikuuliza?" sauti ile ikaendelea, sasa ina wasiwasi. "Nilikuuliza picha za dada ziko wapi, ukaniambia umebaki nazo."

"Nilisema hivyo."

"Basi si unazo?"

"Nina kadi," seremala akasema.

Shemeji akakumbuka kuwa boksi lilimfikia bila kadi ya picha, akaelewa. "Na mimi sina hata moja, shemeji," akasema, kisha wakamsikia akilia, na simu ikakatika.

Mama Chaji akaichomoa kadi, akampa kwa mikono miwili. Seremala hakuipokea.

"Ile karatasi uliyofutia," akasema. "Iko wapi?"

Mama Chaji akainama chini ya meza, akavuta ndoo ya taka. Alikuwa amefuta kadi nyingi tangu asubuhi. Akazitoa karatasi moja moja, akazikunjua mezani chini ya taa, zote zina madoa ya kijivu na zote zinanuka spiriti.

"Sijui ni ipi, kaka."

Seremala aliinama juu ya karatasi hizo muda mrefu akitafuta mistari ya lile gumba. Mwishowe alizikusanya zote, akazifunga kwenye kile kitambaa cha flana na kuondoka nazo. Kadi akaiacha mezani.